Embe na Korosho

Watu wengi wa Unguja mjini waliisikia sauti ya Bi Ummy Matar ilipokatika, kwa sababu ilikatikia redioni.

Ilikuwa Alkhamisi asubuhi, wakati wanawake wanachambua mchele na maduka ya Darajani yanafunguliwa. Kipindi chake kiliitwa "Ulidhani Nini?", na kwa miaka mingi kilikuwa ndiyo kazi yake na ndiyo starehe yake. Aliwaeleza wasikilizaji habari za vitu wanavyovishika kila siku bila ya kujiuliza vimetoka wapi. Yeye ndiye aliyewaambia kwamba mgomba si mti, hauna ubao hata kidogo, na kile wanachokiita shina ni majani yaliyokumbatiana. Yeye ndiye aliyewaambia kwamba nanasi si tunda moja bali ni matunda mengi madogo yaliyokua yakaungana, na kila jicho la nanasi lilianza kuwa ua peke yake. Watu walibishana barazani mpaka kahawa ikapoa. Wako waliokwenda shamba wakaukata mgomba ili wajionee wenyewe.

Siku hiyo alikuwa akizungumzia leso, yaani kanga. Alieleza kwamba neno lenyewe lilikuja na Wareno, nao wakilitumia kwa kitambaa cha mkononi, cha kufutia jasho. Inasimuliwa, akasema, kwamba wanawake wa pwani hii walivinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa kimoja kimoja, wakavishona pamoja mpaka vikamtosha mtu mzima kujitanda.

"Basi ukijifunga leso yako leo," alisema, "ujue umejifunga vitambaa vya... vya..."

Pakawa kimya. Kisha sauti yake ikatoka tena, ileile, laini na yenye haraka kidogo, lakini alichokisema hakikuwa maneno. Kilikuwa kama maneno yaliyovunjwa yakachanganywa. Halafu ukapigwa muziki.

Mumewe, Haroub Mkadam, alikuwa dukani kwake akipanga majora ya vitambaa. Alidhani redio imeharibika, akaipiga kofi ubavuni kama alivyozoea. Muziki ukaendelea. Ndipo alipomwona mwenye duka la jirani amesimama mlangoni, anamtazama na hasemi kitu, na Haroub akajua kwamba redio haina kosa.

Hospitali walimwambia ni kiharusi. Mshipa wa damu umeziba katika ubongo, upande wa kushoto. Mkono wa kulia umelegea na mguu umelegea kidogo, lakini hivyo vitapata nguvu kwa mazoezi. Lililo gumu ni maneno.

"Yatarudi?" Haroub aliuliza.

"Baadhi yake, inshallah," daktari alisema. "Mangapi, hatuwezi kujua."

Ummy alirudishwa nyumbani kwao Kiponda, ghorofa ya juu, akiwa na neno moja tu mdomoni. Neno hilo lilikuwa "bado". Ukimuuliza ana kiu, alisema bado. Ukimsalimia, bado. Akitaka kuambiwa nani kagonga mlango, aliinua nyusi akasema, "Bado?" Alilisema kwa kila sauti anayoweza kuisema mtu, ya kuuliza, ya hasira, ya kushukuru, na kila mara baada ya kulisema uso wake ulionyesha kwamba amelisikia na amejua kuwa silo alilolikusudia.

Wageni walikuja kwa wingi. Walikaa kwenye jamvi, wakamwombea dua, wakamwambia wanavyomkosa asubuhi. Wakamuuliza jambo, naye akafungua kinywa, na kabla hajafika popote wao wakamjibia. "Anataka maji huyu." "Kachoka, masikini." Walikuwa watu wema. Lakini kidogo kidogo Ummy akaacha kufungua kinywa. Wageni wakija aligeukia ukutani, na redio alipoiona mezani aliisukuma kwa mkono wake mzima mpaka Haroub akaiondoa.

Mtoto wao mmoja, Faiza, alikuwa mwalimu wa skuli Chwaka, na huko ndiko alikoolewa. Alichukua ruhusa akaja kumuuguza mama yake. Alikuwa mwanamke wa vitendo: alimkogesha, alimkanda mkono, aliwazuia wageni ngazini. Haikupita muda akamwambia baba yake alilokuwa nalo moyoni.

"Baba, mimi naona nimchukue kwangu Chwaka. Kule kuna utulivu, na hakuna anayekuja kumtazama kama maiti. Hapa kila anachokiona kinamkumbusha kile kipindi chake."

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nshamuuliza. Kasema bado. Yaani hakukataa, anataka baadaye."

"Hakusema bado, mwanangu," Haroub alisema. "Hilo ndilo neno alilobakishiwa. Hatujui alisema nini."

Faiza akasema kwa upole, "Na wewe, baba, utamfanyia nini hapa? Wewe huzungumzi."

Hakulisema kwa kumvunjia heshima. Ilikuwa kweli. Haroub alikuwa mtu wa maneno machache tangu ujana, na katika nyumba ile kuzungumza ilikuwa kazi ya Ummy. Yeye alikula, akasikiliza kwa sikio moja, akasema "ala!" pale palipotaka kusemwa "ala!", na wote wawili waliridhika. Sasa nyumba ilikuwa kimya hata mlio wa bomba ulisikika kutoka jikoni, na yeye hakujua pa kuanzia.

Azim, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akija kumnyoosha Ummy mkono, alimkuta Haroub ameketi kwenye ngazi.

"Bwana Haroub, akili ya mkeo iko palepale," alimwambia. "Anakujua, na anajua yote aliyokuwa akiyajua. Iliyoziba ni njia ya kutokea maneno. Zungumza naye. Usimmalizie neno. Mpe vitu avishike."

"Vitu gani?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye mumewe."

Asubuhi iliyofuata Haroub alikwenda sokoni kabla ya kufungua duka, akarudi na kikapu. Akaweka sinia mbele ya mkewe na juu yake akapanga nazi iliyofuliwa makumbi, ndizi, pilipili mbichi, na karafuu chache ndani ya karatasi. Ummy alivitazama, kisha akamtazama yeye. Haroub akajisikia joto usoni kama bwana harusi.

"Hii nazi," alianza. Akakohoa. "Wewe ulisema... ina macho matatu. Na ikichipua, mche hutokea jicho lolote kati ya hayo."

Hakudanganya, ndivyo alivyokumbuka. Lakini Ummy aliinuka kutoka kwenye mto. Alitikisa kichwa, akapiga sinia kwa kiganja cha kushoto, akasema "Bado! Bado!" kwa hasira. Akaishika nazi, akaigeuza mpaka macho yakawa juu, na kwa ukucha akabonyeza moja moja. La kwanza gumu. La pili gumu. La tatu ukucha ukazama. Akamwonyesha, akamtolea macho mpaka Haroub aliposema, "Aa. Jicho moja tu, hili laini. Hayo mengine yameziba."

Ummy akarudi kwenye mto akihema, na uso wake ulikuwa umerudiwa na uhai. Tangu siku ile ya redio Haroub hakuwa amemwona hivyo.

Kwa hiyo kesho yake akakosea kwa makusudi. Alisema karafuu ni tunda, na Ummy akaichukua moja, akachomoa kile kichwa cha duara kwa meno, akamwonyesha kwamba ni ua ambalo halikuachwa lichanue. Akasema ukali wa pilipili ni ladha yake, na Ummy akamfinya mkono ili ajue kwamba ukali si ladha, ni maumivu. Haroub alifurahi. Kila siku alifikiria dukani kosa jipya la kumpelekea, hata wateja wakamwona anatabasamu peke yake.

Halafu siku moja akasema, "Na mgomba nao, ni mti kama mwembe."

Ummy hakupiga sinia. Alimtazama kwa muda mrefu. Hilo lilikuwa jambo ambalo kila mtoto wa Unguja alilijua kutoka kwake, na hapakuwa na namna kwamba mumewe, aliyelala naye chumba kimoja, hakulijua. Haroub akaona kwamba amefahamu: makosa yote yalikuwa ya makusudi. Ummy akalisukuma sinia kwa nguvu zake zote, matunda yakabiringika sakafuni mpaka mlangoni, naye akajifunika uso kwa mtandio na kulia bila sauti.

Faiza alitoka jikoni mbio. Alipoelezwa, rangi ilimbadilika.

"Baba, unamchezea mama kama mtoto wa chekechea?" alisema. "Huyu ni mtu mzima. Jumamosi namchukua Chwaka. Usinizuie."

Haroub hakumzuia. Aliokota matunda, akaenda dukani, akakaa mpaka alasiri bila ya kumuuzia mtu hata kipande. Aliporudi, alimkuta Faiza ameanza kukunja nguo za mama yake na kuzipanga katika sanduku. Alivua viatu, akakaa sakafuni karibu na kitanda.

"Nimekukosea," alimwambia Ummy. "Sikutaka kukufanya mtoto. Nilitaka kukuona umekasirika, maana ukikasirika nakuona wewe mwenyewe. Nisamehe."

Ummy hakugeuka, lakini aliacha mkono wake wa kushoto pale ulipokuwa, na Haroub akaushika.

Ijumaa, mume wa Faiza alileta kutoka Chwaka kapu la maembe boribo na mfuko wa korosho za kukaangwa nyumbani. Baada ya chakula Haroub alikaa akamenya embe kwa ajili ya mkewe. Utomvu ulimchuruzika vidoleni, akaanza kujikuna, akanawa mkono, akaendelea kumenya huku akijikuna.

"Ummy," alisema ghafla, bila ya kuinua kichwa. "Hili nakuuliza kwa kutojua, wallahi. Tangu utotoni, utomvu wa embe ukinigusa natoka malengelenge. Na kule kwa bibi yangu Makunduchi tulikuwa tukichoma korosho zenye maganda, mafuta ya lile ganda nayo yalinifanya vivyo hivyo. Mimi miaka yote hii nafikiri ni mwili wangu mbovu tu. Lakini kwa nini ziwe hizo mbili? Machungwa hayanidhuru. Papai halinidhuru."

Kisha akaona mwenyewe alilolifanya. Mji mzima ulikuwa ukimpigia mkewe simu kumuuliza maswali, na yeye, aliyeishi naye, hakuwa amewahi kumuuliza hata moja.

Ummy alikuwa amegeuka. Aliuangalia mkono wa mumewe uliowiva wekundu, akauangalia mfuko wa korosho. Akanyoosha mkono, akachukua korosho moja, akaiweka juu ya sinia ubavuni mwa embe, zikagusana. Akafungua kinywa. Faiza, aliyekuwa amesimama mlangoni na nguo mkononi, alimwona mama yake anahangaika, midomo inatafuta, na yeye kama mwalimu wa watoto alikuwa na neno tayari. Haroub akainua kiganja kumzuia.

Wakangoja. Nje mtu alipita na gari la kukokota likigonga mawe ya kichochoro, likaja, likapita, likapotea. Ummy alifunga macho.

"Ba..." alianza, akakaza midomo akalikataa lile neno. Akasukuma korosho ikalisogelea embe zaidi. "Nd... ndu..."

Haroub hakushusha kiganja.

"Ndugu," Ummy alisema.

Faiza akaketi palepale kizingitini. Haroub aliuliza, "Embe na korosho ni ndugu? Ukoo mmoja?"

Ummy alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, machozi yakimdondoka kidevuni. "Ndugu. Ndugu," akasema, na lile neno jipya akalirudia kwa hofu, kama mtu anayekanyaga ngazi asiyoiamini. Alinyoosha kidole kwenye utomvu uliokuwa mkononi mwa mumewe. Ukoo mmoja, na utomvu wa kuunguza mmoja. Mwili wa Haroub haukuwa mbovu, uliujua ukoo ule kabla ya yeye mwenyewe.

Faiza alilirudisha sanduku chini ya kitanda. "Nitakuja kila mwisho wa wiki," alimwambia baba yake jioni ile. "Lakini usimfanyie tena mchezo."

"Siwezi tena," alisema Haroub. "Nisiyoyajua yananitosha."

Na ndivyo walivyoendelea. Kila siku alikuja na swali lake la kweli, na alishangaa mwenyewe kuona ana maswali mengi namna ile. Maneno yalirudi kwa namna yake, si kwa namna waliyoomba. Yalirudi kwanza majina ya matunda na vyakula. Ummy aliweza kusema "fenesi" na "biringani" kabla hajaweza kusema "Faiza", na binti yake alicheka siku hiyo, kisha akaenda kulia jikoni. Mengine hayakurudi. Sentensi ndefu hazikurudi. Alizungumza kwa maneno mawili matatu, na kati ya neno na neno palikuwa na nafasi ambayo ilimbidi mtu awe na subira nayo.

Kwa hiyo pale Bwana Duni, msimamizi wa vipindi vya redio, alipopanda ngazi za Kiponda pamoja na mtangazaji kijana aitwaye Shemsa, Ummy alijua walichokijia kabla hawajakaa.

"Shikamoo, Bi Ummy," Shemsa alisema.

"Mara... haba."

Bwana Duni alizunguka sana. Alisema wasikilizaji wanauliza. Alisema kanda zake za zamani zinapendwa, lakini zinakwisha. Mwishowe Shemsa ndiye aliyesema wazi. "Bi Ummy, wananitaka mimi nikiendeshe kipindi. Mimi sitaki kukaa kwenye kiti chako. Ukisema hapana, nnakwenda zangu na wala sitaona vibaya."

Haroub alimtazama mkewe. Alijua kwamba kila usiku alipokuwa akijizoeza kusema, alikuwa akijizoeza kwa ajili ya kiti kile.

Ummy alitafuta neno mpaka Bwana Duni akaanza kujitikisa. Haroub akamwekea mgeni huyo mkono begani asiseme.

"Kiti," Ummy alisema. "Cha redio. Si... changu." Akapumua. "Kaa."

Shemsa akaanza kuja kujifunza. Alikuwa hodari, na simu yake ilijaa mambo ya ajabu aliyoyakusanya mtandaoni. Siku ya kwanza alisema kwa furaha, "Hili watalipenda. Vifungo vya blauzi za wanawake viko kushoto na vya mashati ya wanaume viko kulia, kwa sababu zamani mabibi wa Ulaya walivishwa na watumishi!"

"Nani... kaona?" Ummy aliuliza.

"Imeandikwa, Bi Ummy."

"Nani kaona?"

Shemsa alitafuta. Akarudi baada ya siku kadhaa akasema kwamba wengine wanasema ni watumishi, wengine wanasema ni kwa ajili ya kushika upanga, wengine ni kwa ajili ya kunyonyesha, na hakuna aliyethibitisha hata moja.

"Hivyo," Ummy alisema. "Sema... hivyo." Na kwa sababu aliona binti amevunjika moyo kidogo, akajikaza, akatafuta, mpaka akafika mwisho wa sentensi ndefu kuliko zote tangu augue: "Kutojua... nako... tamu."

Alkhamisi ya kipindi cha kwanza, Haroub aliirudisha redio mezani kwa kuagizwa na mkewe. Shemsa alianza kwa kutetemeka, kisha akatulia. Alisimulia habari za vifungo, akataja kila kinachosemwa, akaeleza kwamba kila kimoja ni dhana. Hakuiga sauti ya mtu. Hakumtaja Bi Ummy isipokuwa mara moja, kwa kumwombea afya. Ummy alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono wake wa kulia, ambao sasa uliweza kufumba na kufumbua, umelala mapajani.

Kipindi kilipokwisha alilia. Haikuwa kama siku ile ya sinia. Alilia kwa sauti, kwa muda mrefu, kama watu wanavyolia baada ya maziko, wageni wakishaondoka. Haroub alizima redio. Hakumwambia asilie, wala hakumwambia kwamba atarudi redioni, kwa sababu wote wawili walijua hatarudi, na yeye alikuwa ameahidi kutomfanya mtoto. Alikaa karibu naye kitandani, bega kwa bega.

"Kasema... vizuri," Ummy alisema hatimaye.

"Naam. Kasema vizuri."

"Mimi... redioni... basi."

Haroub alihisi maneno mengi ya kupoza yanamjia, akayaacha yapite. "Basi," alisema. "Redioni."

Ummy alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Dirishani jua lilikuwa limeingia likaangukia ukuta, mahali chokaa ilipobanduka na jiwe likaonekana, lenye vitundu vidogo vidogo. Haroub aliutazama ukuta ule kwa kitambo.

"Hebu niambie," alisema. "Hivi vitundu katika mawe ya nyumba zetu, vimetobolewa na nini?"

Ummy alimgeukia, akamchunguza kama anauliza kwa kweli. Aliporidhika, akaanza kulitafuta neno la kwanza.

Duka la Haroub Mkadam lilifunguliwa adhuhuri siku hiyo. Wenzake wa Darajani walipomuuliza kama kuna usalama nyumbani, aliwajibu kwamba upo, ila yeye na mkewe walikuwa na mazungumzo.